Sumu Ilivyoingia Kwenye Pamba ya Usukumani

Wakulima wa Bariadi, Maswa na Meatu wanalima pamba tangu enzi za ukoloni, na kwa miongo kadhaa waliilima bila kupiga dawa. Hilo husahaulika upesi, maana siku hizi bomba la mgongoni linaonekana la asili shambani sawa na jembe.

Wadudu walikuwepo tangu mwanzo. Wa kwanza kuwasumbua watafiti alikuwa chawajani, mdudu mdogo wa kijani anayefyonza utomvu mpaka jani linajikunja na kuwa jekundu. Kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1930, hakikumtafutia sumu. Kilichagua miche yenye manyoya kwenye majani, kikaizalisha kizazi hadi kizazi, na chawajani akakosa pa kukaa. Herufi UK katika majina ya mbegu za pamba ni kumbukumbu ya kazi iliyoanzia hapo.

Kwa wadudu wengine walitumia moto na sheria. Mkulima alilazimika kung'oa masalia na kuyachoma baada ya mavuno, ili funza wasipate pa kulala hadi msimu ujao. Amri hiyo ipo mpaka leo, na kwa kanda ya magharibi mwisho wake ni 15 Septemba. Mikoa ya kusini ilikatazwa kabisa kulima pamba ili funza mwekundu asipande kuja kaskazini.

Mmoja aliwashinda: funza wa vitumba. Huyu hategemei masalia ya pamba. Hula mahindi na dengu pia, halafu nondo wake huhamia kwenye pamba na kutaga. Hapo ndipo chupa ilipopata mlango.

DDT iligunduliwa kuwa inaua wadudu mwaka 1939 na Paul Müller wa Uswisi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Vita ilipokwisha, dunia nzima iliipenda. Usukumani, sumu za pamba zilienea zaidi baada ya uhuru, zikipitia ushirika. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, lilikuwa limeshajenga njia ya kumfikia mkulima kijijini, na njia iliyopitisha pamba kwenda mjini ilipitisha pia sumu kuja shambani. Mkulima alikopeshwa, akakatwa siku ya mauzo. Baada ya DDT ikaja endosulfani, ambayo wengi waliijua kwa jina la dukani, Thiodan.

Kisha zikaja pampu za betri. Hizi hazikuhitaji maji ya lambo: sumu ilikuja imeshachanganywa kwenye mafuta, kisahani kikazunguka kwa kasi na kuitawanya kama ukungu. Kwa kijiji chenye shida ya maji ulikuwa unafuu wa kweli. Ila ukungu hufuata upepo, na upepo ukigeuka unamfunika aliyeshika pampu. Mafuta yakigusa ngozi, maji matupu hayayatoi. Kizunguzungu, kichefuchefu na macho kuwasha vikahesabiwa kuwa uchovu wa kazi. Endosulfani ikizidi mwilini huleta degedege. Sumu za kundi jingine, la oganofosfati, huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, na mtu hutoka jasho na mate mpaka pumzi inakatika. Kopo tupu nalo halikutupwa. Lilikuwa kopo zuri, lilibeba maji au mafuta ya taa.

Dawa hupigwa wakati wa mvua, na mvua hushuka Mto Simiyu hadi Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Endosulfani huua samaki hata ikiwa kidogo sana majini, jambo ambalo wavuvi wahalifu walilijua wakaanza kuvulia sumu. Kwa sababu ya uvuvi huo wa sumu, mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Wavuvi waliotumia nyavu zao kihalali walikosa soko pamoja na wahalifu.

Kabla ya hapo, mwaka 1994, soko la pamba lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Ushirika uliyumba, na mpango wake wa pembejeo ukayumba nao. Mwaka huohuo, Meatu, kampuni ya Uswisi iitwayo Remei ilianzisha kilimo hai cha pamba, ambacho baadaye kilijulikana kama bioRe. Wakulima wake walirudi kwenye hila za namna ya zile za Ukiriguru ya zamani: alizeti katikati ya pamba kuvuta funza na wadudu wanaowala, mwarobaini, samadi. Endosulfani yenyewe iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011. DDT ilikuwemo tangu mkataba uliposainiwa mwaka 2001.

Anayejiunga na kilimo hai hauzi pamba yake kama hai msimu huohuo. Husubiri miaka, shamba lipungukiwe na mabaki ya zamani, na huacha nafasi mpakani, kwa sababu jirani yake bado anapiga dawa.