Maelezo ya Zana na Namna ya Kuyapima: Tangu 1971 hadi Mawakala wa Akili Mnemba

Katika safu hii ya historia tumezoea kuzungumzia kamusi, sarufi na vitabu vya kiada. Safari hii tunaomba ruhusa ya kujadili aina ya maandishi ambayo wengi wetu hatujaihesabu kuwa maandishi, yaani maelezo mafupi yanayoiambia programu ya kompyuta kuwa zana fulani ni ya kazi gani, itumike lini na ipewe nini. Programu zinazosoma maelezo hayo huitwa mawakala wa akili mnemba (wengine husema akili unde au akili bandia). Wakala hupewa kazi kwa lugha ya kawaida, kisha huchagua mwenyewe zana ya kuitimiza: ya kutafuta, ya kukokotoa, ya kutuma barua au ya kuweka nafasi ya safari. Kwa kawaida haoni undani wa zana, bali husoma maelezo yake tu. Maelezo yakiwa mabovu, kazi nayo huharibika. Je, ubora wake umekuwa ukipimwa vipi?

Historia hii ina vyanzo viwili, na vyote ni vya mwaka 1971. Cha kwanza ni kitabu cha mwongozo wa Unix kilichotolewa tarehe 3 Novemba mwaka huo na Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani. Kila amri ilielezwa kwa mpangilio uleule: jina, namna ya kuiandika, maelezo, amri nyingine za kuangaliwa, na hata kasoro zinazojulikana. Msomaji wake alikuwa binadamu. Jambo lisipoandikwa, alijaribu, alikisia au alimwuliza mwenzake.

Chanzo cha pili ni mfumo ulioitwa STRIPS, wa Richard Fikes na Nils Nilsson wa Stanford Research Institute, uliotumika katika mradi wa roboti Shakey. Humo kila tendo lilielezwa kwa mambo matatu: masharti yanayotakiwa kabla ya tendo, mambo yatakayokuwa kweli baada yake, na mambo yatakayokoma kuwa kweli. Msomaji hapa alikuwa mashine, na mashine hiyo haikukisia chochote. Usahihi wa maelezo ulikuwa rahisi kuupima, ila yaliandikwa kwa lugha ya mantiki ambayo watu hawaizungumzi.

Kwa miaka mingi mapokeo haya mawili yalikwenda kila moja njia yake. Mwaka 2000 ilianzishwa sajili ya hadharani ya huduma za intaneti iliyoitwa UDDI, na kipindi hichohicho ikachapishwa lugha ya kuelezea huduma hizo, WSDL. Matumaini yalikuwa kwamba programu moja itaweza kuitafuta nyingine na kuitumia. WSDL ilibainisha vizuri umbo la kila ujumbe, lakini maelezo ya maneno ya kawaida hayakuwa ya lazima. Hati iliweza kufaulu ukaguzi wote wa umbo na bado isimwambie msomaji huduma ni ya nini. Kampuni za IBM, Microsoft na SAP zilifunga sajili zao za hadharani za UDDI Januari 2006.

Mapokeo hayo yalikutana modeli kubwa za lugha zilipoanza kutumia zana. Oktoba 2022 watafiti wa Princeton na Google walionyesha, katika kazi iitwayo ReAct, jinsi modeli inavyoweza kufikiri na kutenda kwa zamu. Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwawezesha waandishi wa programu kuikabidhi modeli orodha ya zana, kila moja na jina, maelezo na vigezo vyake. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu wa pamoja wa kuunganisha zana na modeli, uitwao MCP. Sasa msomaji ni mashine, lakini anasoma lugha ya watu na anakisia kama watu.

Kwa sababu hiyo, kukagua umbo hakutoshi tena. Njia inayoaminika ni ileile tunayoitumia kupima ufahamu darasani. Huandaliwa kazi nyingi zenye majibu yanayojulikana, wakala hupewa kazi hizo, kisha hubadilishwa maelezo pekee na matokeo hulinganishwa. Maswali ni manne. Je, amechagua zana sahihi? Ameipa taarifa sahihi? Amejizuia pale ambapo hakuna zana inayofaa? Amejua la kufanya zana iliposhindwa? Swali la tatu husahaulika kwa urahisi, ingawa jaribio la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lililoanza mwaka 2024, linalo.

Tuchukue mfano wa karibu. Zana ya kuweka nafasi ya basi ina kigezo kinachoelezwa hivi: “Saa ya kuondoka.” Msafiri anasema anataka basi la saa mbili asubuhi. Kwetu Uganda, iwe kwa Kiswahili au kwa Luganda, hiyo ni 8:00. Wakala akiandika 2:00, msafiri atakatiwa tiketi ya usiku wa manane. Kisarufi maelezo yale hayana kosa, ila hayakidhi haja. Yangesema: “Saa ya kuondoka kwa mfumo wa saa 24, kuanzia usiku wa manane, saa mbili asubuhi iandikwe 08:00.” Vilevile, kusema kwamba zana ya kutafuta “hutafuta” ni sawa na kamusi inayofafanua neno kwa neno lilelile.

Hata hivyo, urefu si ubora. Kazi ya EASYTOOL ya Januari 2024 ilionyesha kuwa kufupisha maelezo yenye marudio na kuyapa mpangilio mmoja huwasaidia mawakala. Aidha, Aprili 2025 wataalamu wa usalama wa kampuni ya Invariant Labs walionyesha kuwa mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha amri ndani ya maelezo ya zana, na wakala akaitii bila mwenye kompyuta kujua. Tathmini inayouliza tu kama maelezo yanaeleweka itayapa alama za juu maelezo kama hayo, maana yanaeleweka vizuri mno. Ni lazima pia iulizwe kama maelezo ni ya kweli, na kama hayaagizi jambo lililo nje ya kazi ya zana.

Kwa maoni yetu, kazi hii isiachiwe wahandisi peke yao. Kufafanua kwa ufupi, kutenganisha maana zinazokaribiana na kutambua utata ni mambo tunayoyafundisha kila muhula. Tunapendekeza walimu wa utungaji watoe zoezi moja: mwanafunzi aeleze zana kwa sentensi tatu, mwenzake aitumie kwa kufuata sentensi hizo tu, na alama zitolewe kwa kile mwenzake alichoweza kufanya.