Taarikhi ya Desmidi na Maziwa ya Rungwe

Mwaka 1824 mtaalamu wa Kiswidi, Carl Adolph Agardh, alipokuwa akiipanga mimea ya majini kwa tartibu, aliutaja mwani wa kijani ambao chembe zake hushikamana kama shanga uzini, akauita Desmidium, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kifungo au mnyororo. Jina hilo, lililokuwa stahili ya kundi moja dogo, likaenea hata likafunika jamaa nzima, ilhali aghalabu ya desmidi haijui mnyororo: kila moja ni chembe pweke ya maji baridi, yenye nusu mbili zinazolingana, zilizounganishwa kwa kiuno chembamba. Wako wasemao kwamba kifungo ni hicho kiuno. Hoja hiyo naiona imetafutwa baadaye ili kuliokoa jina.

Elimu ya desmidi iliwasili pande za Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, kwa mkono wa tabibu wa jeshi la Kijerumani, Friedrich Fülleborn, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alikaa Langenburg, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na ambaye, mbali na kazi ya dawa, alikusanya viumbe vya majini, vya ziwani na vya nchi jirani, akavipeleka kwao. Mwani wa kijani ukamfikia Wilhelm Schmidle, aliyechapisha habari zake mwaka 1902. Diatomu, ambazo ni jamaa nyingine, zenye ganda mfano wa kioo, zikamwangukia Otto Müller, naye moja akaiita Surirella fuellebornii kwa kumtukuza tabibu.

Wakati huohuo boma la Langenburg lilihamishwa kutoka ziwani hadi milimani, na mahali pake papya, Tukuyu, pakaitwa Langenburg Mpya, jina la ukoo wa kifalme wa Kijerumani ambalo halikudumu baada ya Waingereza kuitwaa nchi. Jina la tabibu, kwa kuwa limeandikwa juu ya kiumbe kisichoonekana pasipo hadubini, hakuna serikali iliyojali kulifuta.

Baadaye sana, katika Ziwa Masoko, lililo ndani ya shimo la volkano kusini-mashariki ya Tukuyu, wataalamu walizamisha bomba wakatoa tope la kina cha mita 39, lenye umri wa hadi miaka ipatayo 45,000. Ganda la diatomu huhifadhika katika tope la namna hiyo. Desmidi, zisizo na ganda la kioo, kwa kawaida huoza, na azitafutaye habari zake za kale hana budi kuanzia kwenye maandishi ya Schmidle.