Kihamisha masafa

kihamisha masafa nm [ki-/vi-] mtambo mdogo wa redio unaopokea matangazo ya kituo mama kutoka hewani na kuyarusha papo hapo kwa masafa mengine, bila kubadili maudhui.

Tahadhari kwa wafasiri. Kiingereza hukiita kifaa hiki kwa jina lile lile linalomtaja mfasiri. Akiambiwa kwamba redio ya Shinyanga “ina mfasiri” Kahama, msomaji wa Ibadakuli atadhani matangazo ya Kiswahili hugeuzwa kuwa ya Kisukuma. Kinachogeuzwa ni masafa tu. Katika hati ya maombi ya leseni, kosa hilo hubadili kabisa kinachoombwa.

Kwa nini kinahitajika. Mawimbi ya FM, yaani kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Hayaufuati mviringo wa dunia kwa umbali mrefu. Mnara wa mita 100 katika nchi tambarare humfikia msikilizaji aliye chini kwa takriban kilomita 45. Kutoka Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga, hadi Kahama ni zaidi ya kilomita 90 kwa mstari ulionyooka. Hadi Geita ni zaidi ya 150. Kuongeza wati peke yake hakuondoi kizuizi hicho. Lakini antena iliyowekwa juu ya kilima kilichopo njiani huyanasa matangazo ambayo mkulima au mchimbaji aliye bondeni hayapati, nayo humrushia upya.

Kwa nini masafa hubadilishwa. Mitambo miwili ikitumia masafa yaleyale, mawimbi yake huingiliana pale yanapokaribiana kwa nguvu, na msikilizaji husikia mikwaruzo. Aidha, antena ya kupokelea ingezidiwa na sauti ya mtambo wake yenyewe.

Tofautisha. Si kila mtambo wa mkoani ni kihamisha masafa. Kituo kikubwa cha Dar es Salaam kinachopeleka matangazo mikoani kwa setilaiti kina *mitambo ya kurushia matangazo*. Katika matini za Marekani, ambako vihamisha masafa vya FM vilianza kupewa leseni mwaka 1970, nguvu yake haizidi wati 250.

Uundaji. Istilahi hii ni pendekezo. Inafuata muundo wa *kipaza sauti* na *kinasa sauti*: kiambishi ki-, kitenzi, kisha nomino inayotendwa. Pale ambapo msomaji hajaizoea, fafanua mara ya kwanza: *mtambo wa kurudia matangazo kwa masafa mengine*.

Maneno jirani. *Masafa* lina maana mbili: umbali (*mbio za masafa marefu*) na idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Likitumiwa kwa redio, litaje pamoja na megahezi ili utata uondoke. *Usikivu*, ambalo kwa kawaida ni sifa ya mtu anayesikiliza kwa makini, katika utangazaji wa Tanzania ni hali ya matangazo kusikika mahali fulani.

Mifano
*Kihamisha masafa kilipozimika, usikivu ulipotea kijijini, ingawa kituo mama kiliendelea kutangaza.*
*Vihamisha masafa viwili vilivyo jirani havipaswi kupewa masafa yaleyale.*