Wapagazi wa Njia ya Bagamoyo

Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilizouzwa Unguja zilikuwa zimefika pwani kwa miguu ya watu. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, kisha ikateremka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ndorobo waliua ng'ombe na farasi, na barabara za mikokoteni hazikuwako, hivyo mzigo ulitegemea kichwa na bega la mpagazi. Vitabu vingi husimulia matajiri na wapelelezi waliopita huko. Waliowabebea hutajwa kwa jumla tu, ilhali bila wao pembe iliyokuwa Manyema, ng'ambo ya ziwa hilo, isingekuwa na bei pwani.

Wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, nao hawakuwa watumwa, kama inavyodhaniwa mara kwa mara, bali watu huru waliopatana ujira. Wanyamwezi walikuwa wakishusha pembe pwani wenyewe tangu mwanzoni mwa karne hiyo, kabla misafara ya pwani haijaizoea bara. Walipenda kusafiri kiangazi ili mvua ziwakute shambani kwao.

Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Nguo zilikazwa kwa kamba zikawa robota refu la kukaa begani. Robota hilo ndilo lililoitwa mtumba, karne nzima kabla ya nguo kuukuu za sokoni kulirithi jina. Mbele ya wote alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita.

Malipo yalikuwa ya nguo, hasa merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, na sehemu yake ilitolewa kabla ya kuondoka. Juu ya ujira kulikuwa na posho, nguo au shanga za kununulia chakula njiani. Posho ndiyo iliyoleta ugomvi: ilipopunguzwa, wapagazi walitua mizigo na kukaa chini, na tajiri mwenye shehena katikati ya pori hakuwa na la kufanya ila kukaa nao kuzungumza.

Kazi hii ilizaa nyingine. Wahindi wa Unguja walikopesha mtaji, na Bagamoyo mfanyabiashara Sewa Haji aliwapatia wasafiri watu na bidhaa. Ugogo, nchi kame, wenyeji waliuza nafaka, na watemi walitoza hongo, ambayo wakati huo ilikuwa ushuru wa kupita, usiolipwa kwa kificho.

Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi, walianza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Behewa la tani 10 lilimeza mizigo ya watu zaidi ya 300. Bagamoyo, iliyoachwa kando, ikafifia, na Wanyamwezi wengi wakahamia kwenye ujenzi wa reli hiyohiyo na mashamba ya mkonge.

Vita vya 1914 viliwarudisha watu begani, safari hii kwa kukamatwa. Makumi ya maelfu ya wachukuzi wa jeshi la Uingereza walikufa, wengi kwa maradhi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps; watu wa Dar es Salaam wakalitamka jina hilo Kariakoo, na mtaa uliokuwa kambi yake unaitwa hivyo hadi leo.