Kenya: Peugeot kuukuu iliyong'olewa kabureta, na hitilafu zinazosingiziwa kompyuta

Nchini Kenya, Peugeot 504 bado haijawa kitu cha makumbusho. Gari hilo, lililoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, lilibeba abiria wa masafa marefu kwa miongo kadhaa, hata neno "Peugeot" likawa jina la usafiri wenyewe. Nyingi kati ya zilizosalia zimo mikononi mwa wapenzi wa magari ya zamani, ambao hawataki kuzifungia bandani. Baadhi yao hufikia uamuzi wa kung'oa kabureta na kufunga mahali pake mfumo wa kuingiza mafuta unaoongozwa na kompyuta, ambao siku hizi huuzwa kama seti kamili. Kuufunga ni kazi ya siku chache. Kinachoweza kuchukua miezi ni kutafuta sababu ya gari kutotulia.

Chanzo cha uamuzi huo ni jiografia. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na Timboroa, katika njia ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, ni zaidi ya mita 2,700. Shinikizo la hewa mjini Nairobi ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na la pwani. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa haina namna ya kulijua hilo: gari likipanda bara, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinashika masizi na moshi mweusi unatoka nyuma. Mfumo wa kompyuta hupima shinikizo hilo kwa sensa na kupunguza mafuta wenyewe.

Wazo lenyewe si geni katika eneo hili. Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, na msoma ramani wake Chris Rothwell walishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966 na 1967 wakiwa na Peugeot 404 isiyotumia kabureta. Pampu ya gari lile ilikuwa ya kimakanika tupu, bila waya wala sensa. Mifumo ya leo hutegemea sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye bomba la moshi, na sensa hiyo huuawa na madini ya risasi. Kabla ya Afrika Mashariki kuachana na petroli yenye risasi, hatua iliyokamilika mwanzoni mwa 2006, seti kama hizi zisingedumu.

Umeme kwanza

Mwenye gari hili linapomsumbua huelekeza lawama kwa kompyuta, kwa kuwa ndicho kitu kipya asichokielewa. Mara nyingi kompyuta haina kosa. Imepewa umeme dhaifu, mafuta yasiyotosha au habari za uongo, nayo inatii.

Dalili ya kawaida ni injini inayozunguka kwa starta bila kuwaka, kisha ikashtuka kidogo pale ufunguo unapoachiwa. Katika magari mengi ya enzi hizo, baadhi ya nyaya za swichi ya ufunguo hukatiwa umeme wakati starta inafanya kazi. Fundi akiunganisha waya wa kuamsha kompyuta hapo, kompyuta inazimika katika sekunde zilezile inapohitajika. Waya huo lazima uwe na umeme ufunguo ukiwa umewashwa na pia starta ikizunguka. Njia ya kuhakikisha ni kupima kwa mita katika hali zote mbili. Kubahatisha kwa rangi ya waya, katika gari lililopita kwa mafundi kumi kwa miaka arubaini, ni kujidanganya.

Waya mkuu wa umeme na waya wa athi wa kompyuta hupaswa kwenda moja kwa moja kwenye betri, si kwenye bodi iliyoliwa na kutu. Starta ikizunguka, betri isishuke chini ya volti 10. Injini ikinguruma, mita isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Alteneta ya zamani ilitengenezwa kwa ajili ya taa, waipa na redio. Ukiongeza pampu ya umeme, feni ya umeme na kompyuta, huenda isimudu usiku wa mvua, na gari likazima mbele ya msururu wa malori.

Kuna pia kelele za umeme. Kompyuta nyingi huhesabu mizunguko ya injini kwa kusoma mapigo ya koili. Nyaya za plagi za aina ya zamani, zenye shaba tupu ndani, hurusha mawimbi yanayovuruga hesabu hiyo. Skrini ikionyesha mizunguko 900, kisha ghafla 4,000, kisha 900 tena ilhali injini haikubadili sauti, dawa ni nyaya na plagi zenye ukinzani, na kupitisha nyaya za kompyuta mbali na koili na distribyuta.

Mafuta, na hatari ya moto

Hapa ndipo uzembe unapoweza kugharimu maisha. Pampu ya asili ya gari la kabureta husukuma petroli kwa shinikizo dogo, kiasi cha robo ya baa. Seti nyingi za kisasa huhitaji takriban baa 4, yaani zaidi ya mara kumi. Mpira wa zamani na kibano cha kawaida havikuumbwa kwa kazi hiyo. Vikiachia, petroli hupuliza kama mvua nyembamba juu ya bomba la moshi lenye moto. Anayebana matumizi na abane kwenye rangi na viti. Mipira ya mafuta ibadilishwe yote kwa ile iliyoidhinishwa kwa shinikizo la mfumo wa kuingiza mafuta.

Gari likikohoa kwenye kona au mlimani tangi likiwa na robo, kisha likapona kwenye tambarare, pampu inavuta hewa. Tangi la zamani halina kuta za ndani za kuzuia petroli isikimbilie upande mmoja. Gari likienda vizuri asubuhi na kuzima adhuhuri baada ya kusimama Voi, shuku joto: pampu iliyofungwa juu ya usawa wa tangi, au karibu na bomba la moshi, hulazimika kuvuta petroli inayokaribia kuwa mvuke. Pampu hizi ni hodari wa kusukuma, si wa kuvuta. Mahali pake ni chini na karibu na tangi, au ndani yake. Geji ya shinikizo ifungwe kabla ya kugusa kitu kingine, na isomwe gari likiwa barabarani, kwani pampu dhaifu hufaulu mtihani wa gereji.

Sensa iliyodanganywa

Hitilafu inayopoteza fedha nyingi zaidi ni hii: gari linatoa moshi mweusi, linanuka petroli, na bado skrini inasema mchanganyiko ni mwepesi. Mwenye gari hununua kompyuta nyingine, na moshi unaendelea.

Sensa ya oksijeni haioni mafuta. Huona oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Gasketi ya ekzosi ikiwa na upenyo kabla ya sensa, hewa ya nje hunyonywa ndani. Sensa inaripoti oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli ni chache na inaongeza. Silinda isiyochoma huleta matokeo yaleyale, maana hewa yake hutoka na oksijeni yote. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha tarakimu yoyote, kagua ekzosi injini ikiwa baridi, pale uvujaji unaposikika, kisha plagi na koili. Uwiano unaolengwa, wa hewa sehemu 14.7 kwa petroli sehemu moja kwa uzito, hauna maana ikiwa kipimo chenyewe kimepotoshwa.

Mifumo inayojifunza yenyewe ina mtego mmoja zaidi: hujifunza pia makosa. Hitilafu ikishatengenezwa, kumbukumbu ya marekebisho ifutwe ili mfumo uanze upya.

Baadhi ya kompyuta husoma shinikizo la hewa ya nje mara moja tu, ufunguo unapowashwa. Dereva aliyeondoka Nakuru na kufika Timboroa bila kuzima injini anaweza kuona gari limekuwa zito kidogo. Akisimama, akazima, akawasha tena na uzito ukatoweka, hakuna kilichoharibika.