Kompyuta kuukuu ya gemu: Ifufue kwa pesa kidogo kabla hujawaza kununua mpya

Kwa miezi kadhaa mwanangu wa miaka 16 alikuwa haonekani nyumbani baada ya magharibi. Hakuwa mahali pabaya. Alikuwa kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu Kisauni, akilipia kwa saa. Lakini sisi wazazi wa huku twajua kwamba njia ya kurudi nyumbani saa nne usiku ina mambo yake. Nilipomuuliza, alinijibu: "Baba, ile yetu haichezi chochote. Ukifungua gemu, inaganda."

Ile yetu ni Dell OptiPlex 9020 ya kusimama, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ina prosesa ya Core i5-4590, na wakati huo ilikuwa na RAM ya GB 4 na diski ngumu ya zamani. Mamake alikubali tutumie shilingi 20,000 tulizokuwa tumeziweka za mabati, kwa sharti moja: zikipotea, masika yakitunyeshea ndani nisifungue mdomo. Haya ndiyo niliyojifunza. Bei ni nilizolipa mimi. Kwako zaweza kupanda au kushuka.

Kwanza, jua kinachokwama

Usinunue kitu kwa kubahatisha. Fungua gemu, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itakuonyesha ni kipi kimefika asilimia 100: prosesa, RAM, diski au kadi ya grafiki. Kilichojaa ndicho kinachowachelewesha wenzake. Kwangu RAM na diski zilikuwa zimejaa pomoni, na kadi haikuwepo kabisa. Picha zilikuwa zikitengenezwa na prosesa yenyewe.

Pili, safisha

Hapa Pwani vumbi na hewa ya chumvi ni maadui wakubwa. Chomoa waya wa stima, fungua sanduku, na uguse bati lake ili umeme wa mwili utoke. Shika feni isizunguke, kisha pulizia vumbi. Chomoa RAM, usugue meno yake ya shaba polepole kwa raba ya kufutia penseli. Halafu toa pesti iliyokauka juu ya prosesa na upake mpya, kiasi cha punje ya mbaazi. Pesti ilinigharimu shilingi 300. Kabla ya hapo prosesa ilikuwa ikifika nyuzi 95 na kujipunguza mwendo ili isiungue. Baada ya kusafisha haikupita 75.

Tatu, SSD na RAM

SSD ya GB 240 nilinunua shilingi 3,200. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka sasa yawaka kwa sekunde. Elewa jambo moja: SSD huharakisha kufungua gemu, lakini haiongezi ulaini wa picha ukishaanza kucheza.

RAM niliongeza kipande cha pili cha GB 4 kwa shilingi 1,000, zikawa 8. Vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi sambamba, na hilo husaidia kuliko kipande kimoja kikubwa. Angalia aina pia: mashine hii hutumia DDR3, na DDR4 haiingii hata ukilazimisha. GTA V, kwa mfano, ilipotoka kwenye kompyuta ilipendekeza GB 8, kwa hiyo gemu za rika lake zatosheka.

Nne, kadi ya grafiki, na hapa ndipo nilipoumia

Pawa saplai ya mashine hii ni ya wati 290 tu, na plagi yake si ile ya kawaida, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi na gharama. Basi tafuta kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, inayotosheka na wati 75 za kwenye soketi yake. GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi ni za namna hiyo, lakini hakikisha kwa macho. Kama sanduku lako ni lile jembamba, utahitaji kadi fupi.

Nilipata "GTX 1050 Ti" kwa shilingi 8,500 katika duka moja mjini. Nikaiona rahisi, nikalipa bila risiti. Nyumbani gemu zikawa zajifunga zenyewe. Mwanangu akapakua programu ya bure iitwayo GPU-Z, na mbele ya jina la kadi pakaandikwa FAKE. Ilikuwa kadi ya zamani iliyobadilishwa jina kwa programu. Dalili nilikuwa nayo mkononi: ilikuwa na tundu la VGA, na 1050 Ti halisi kwa kawaida haina.

Nilirudi dukani mara tatu. Mwishowe nilirejeshewa 5,000. Zile 3,500 nimezihesabu kuwa karo. Mara ya pili nilinunua GTX 1650 iliyotumika kwa shilingi 11,500, kwa fundi aliyekubali tuifungie GPU-Z na kucheza gemu nusu saa kabla sijatoa pesa. Risiti pia nilichukua. Kati ya 20,000 zilibaki 500.

Tano, jua pa kukoma

Prosesa mpya ya kisasa yataka mazabodi mpya na RAM mpya. Hapo huongezi tena, unanunua kompyuta nyingine. Pia Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi hiki hazimo katika orodha ya Windows 11. Wapo wanaoilazimisha, lakini gemu kama Valorant kwenye Windows 11 hudai chipu ya TPM 2.0, na mashine hii haina. Sisi tumebaki na ya 10, na kompyuta hiyo hatufanyii mambo ya benki wala M-Pesa.

Mabati bado. Tumeanza kuweka upya. Lakini magharibi ikiingia, sasa nasikia kelele za mpira kutoka chumba cha nyuma, na siku nyingine viatu vya watoto wa jirani vimejaa mlangoni. Naona afadhali kelele hizo.