Farasi mwenye milia wa Mlima Kenya

Wiki hii naweka kando mambo ya hifadhidata na seva, nizungumze kuhusu farasi. Usiondoke! Mwisho wa safari tutarudi kwenye kompyuta.

Ukisimama hapa Kiirua ukatazama kusini magharibi, unaona Mlima Kenya. Ukigeuka kaskazini, ardhi inateremka kuelekea Lewa na Isiolo, makao ya punda milia wa Grevy, yule mkubwa mwenye masikio ya mviringo na milia myembamba. Enzi za ukoloni walowezi walifuga farasi kwenye miteremko hii, na farasi wao walikufa sana. Visubi walileta ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua wanyama wengi kwa siku chache. Penye mbung'o kulikuwa na nagana. Punda milia naye huambukizwa virusi vya ugonjwa huo wa farasi bila kuumwa. Basi watu wakajiuliza: huyu mwenyeji hawezi kazi yetu?

Walijaribu kwanza kumtumia jinsi alivyo. Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyetibu watu Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, alijulikana kwa kuwazungukia wagonjwa akiwa juu ya punda milia. Lakini punda milia ni mkali, na wengi hawakumweza.

Njia ya pili ilikuwa kumchanganya na farasi. Kule Penicuik, Scotland, profesa James Cossar Ewart alikuwa amekwisha kupata watoto wa aina hiyo katika miaka ya 1890. Huku kwetu aliyeshika kazi hiyo ni mlowezi Raymond Hook wa upande wa Nanyuki, ukipita Timau. (Ndiye pia aliyeshiriki kupeleka duma Uingereza mwaka 1937 wakimbizwe kwenye uwanja wa mbio za mbwa. Hakuwa mtu wa kukaa bure!) Hook alichukua dume wa punda milia wa Grevy akampandisha kwa farasi majike. Akazaliwa zebroidi: umbo la farasi, milia miguuni na ubavuni. Walibeba mizigo ya wapanda mlima.

Kwa nini basi leo mizigo ya Kiirua inabebwa na punda wa kawaida, pikipiki na malori? Hesabu ndiyo hii. Farasi ana kromosomu 64, punda milia wa Grevy ana 46. Mtoto huchukua nusu kwa kila mzazi, yaani 32 na 23, jumla 55. Anaishi vizuri na ana nguvu. Lakini wakati wa kutengeneza mbegu au yai, kromosomu lazima zijipange mbili mbili, na hapa jozi hazikamiliki. Zebroidi hazai, kama nyumbu wa mizigo asivyozaa. Kila ukitaka mwingine, unaanza upya kwa dume wa porini. Ni kama programu inayofanya kazi vizuri lakini huwezi kuinakili wala kuiboresha. Kila mteja unamwandikia yake kuanzia mstari wa kwanza.

Linganisha na Italia. Federico Tesio, mfugaji wa Dormello karibu na Ziwa Maggiore, hakuwa na mashamba makubwa kama matajiri wa Uingereza. Alichokuwa nacho ni daftari za nasaba na subira. Daftari la Waingereza la farasi wa mbio lilianza kuchapishwa mwaka 1791, kwa hiyo Tesio aliweza kusoma vizazi vingi nyuma kabla ya kuamua nani azae na nani. Jike wake Nogara alimpeleka Ufaransa kwa dume aitwaye Pharos, na mwaka 1935 akazaliwa Nearco. Alikimbia mara 14, akashinda zote 14. Mjukuu wake Northern Dancer, aliyezaliwa Kanada mwaka 1961, damu yake imeenea kwenye viwanja vya mbio duniani kote. Tesio alifariki mwaka 1954, lakini kazi yake bado inazaa.

Hook hakuwa na daftari la kuacha. Chanjo ya ugonjwa wa farasi ilitengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, miaka ya 1930, kisha magari yakapanda hadi njia mbovu, na haja ya zebroidi ikapungua.

Mwisho wa miaka ya 1970 punda milia wa Grevy walikadiriwa kuwa 15,000. Mwishoni mwa Januari 2016, watu wa kujitolea walizunguka kaskazini kwa siku 2 na kamera zenye GPS, wakipiga picha ubavu wa kulia. Programu ya kompyuta ikalinganisha milia, maana kila mnyama ana yake kama alama za vidole. Makadirio: 2,350.

Na huko Ol Pejeta madume wa Grevy wamezaa na punda milia wa kawaida. Huyu ana kromosomu 44, tofauti ni ndogo, na watoto hao wanazaa. Wachache wakiendelea kuchanganyika na wengi, watameza.

Kwa hiyo daftari la nasaba ambalo Hook hakulihitaji, sisi tunalihitaji sasa, na wa kuliandika ni waandika programu. Kama una kijana anayesoma kompyuta huku Meru, mwonyeshe milia hiyo. Kazi ipo.

Tuonane wiki ijayo, tukijaliwa.